Alhamisi za Otilia

Walinivua viatu mlangoni, kama msikitini, wakaniambia nitembee polepole kwa sababu sakafu inasoma. Sikuwauliza inasoma nini. Nimeishia darasa la nne, lakini nimeishi na serikali miaka yangu yote, na najua kitu cha serikali kikisoma kinakusoma wewe.

Sakafu ilikuwa kioo. Chini ya kioo ulikuwepo mji wetu wote wa Likwembe, umetengenezwa kwa mwanga: soko, kanisa, mto, misonobari ya kampuni, paa la kila mtu. Nikaona hata banda langu la kuku. Nilisimama juu ya kanisa nikiwa na soksi zilizotoboka, nikaona aibu, kama vile Mungu ananitazama kutoka chini.

"Pole na msiba, mzee wangu," alisema Mratibu Sigfridi. Ndiye mkuu wa Mamlaka ya Nyayo hapa kwetu, kijana wa shati jeupe na kucha safi, sauti yake laini kama ya padre anayeombea mgonjwa tajiri. "Arobaini ya mama imepita. Leo unapokea mirathi yako."

Mirathi ya nyayo. Hawa watu hawaishiwi majina.

Zinatokana na simu tulizopewa miaka ya homa, wakati maiti zilikuwa zinatolewa kwa trekta. Wakubwa walikuja uwanjani, mmoja kashika Biblia, mwingine kashika Kurani, wakatuapia kwamba simu itajua tulipopita ili ugonjwa ukamatwe njiani, na ugonjwa ukiisha nyayo zetu zitafutwa zote. Tukapiga makofi. Mke wangu Otilia alipiga makofi, mimi nilipiga. Ugonjwa ukaisha, nyayo hazikufutwa. Baadaye bomba la mtaani likakataa kutoa maji bila simu. Baadaye geti la zahanati. Baadaye wakasema mtu akifa nyayo zake ni mali ya warithi, kama shamba. Hakuna aliyetuuliza kama tunalitaka shamba hilo.

Na huwezi kuidanganya. Simu haihesabu hatua tu, inausikiliza mwendo wako toka nyongani. Ukimpa jirani akubebee, haifiki kwenye kona kabla ya kuanza kulia kama mtoto aliyebebwa na mgeni.

"Huyu hapa mama," alisema Sigfridi.

Doa la bluu likatoka nyumbani kwangu. Liliyumba kidogo upande wa kushoto, kama Otilia alivyokuwa anayumba tangu gogo lilipomwangukia mguu. Sikutegemea. Nililifuata na soksi zangu, likaenda sokoni, likasimama kwa muuza dagaa, nikasimama nalo. Jumapili likaenda kanisani. Jumatano likaenda kwenye bustani ya mboga, likakaa sana mahali pamoja, nikajua hapo anapalilia na anaimba.

Ilipofika Alhamisi, likaupita mji. Likavuka kijito, likapanda kilima, likaingia kwenye mianzi ya Eginald Tweve, mgema wa ulanzi, mwanaume asiye na mke. Likaingia chini ya paa lake. Likakaa mpaka jua likalala upande.

"Alhamisi nyingine," nilisema.

Akaweka. Kwa Eginald.

"Nyingine."

Kwa Eginald. Nyingine, kwa Eginald. Mimi Alhamisi nilikuwa nikiambiwa mama anakwenda kuwaona wagonjwa wa jumuiya.

Sigfridi aliniletea kiti. Akachuchumaa mbele yangu, mkubwa mzima, akanishika goti.

"Mzee Gama, nisikilize. Mtambo una shaka."

"Shaka gani?"

"Mwendo ni wake, mguu anauburura vilevile. Ila Alhamisi hachoki. Siku zingine akipanda mwinuko wowote anapumzika katikati, Alhamisi anapanda kilima kama binti. Pengine simu ilibebwa na mtu mwingine."

"Si mlisema haidanganyiki?"

"Ndiyo maana inaitwa shaka." Akatabasamu kidogo. "Sheria inasema shaka ya namna hii inaondolewa na mwenza. Ukisema ndiye, faili linafungwa na linatumwa kwa warithi wote, binti yako, mashemeji, wote. Ukisema siye, jina la mama linasafishwa leo hii."

"Na nikisema siye, nyie mtafanya nini?"

"Tutatafuta tu alikuwa wapi. Kwa heshima yake."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Siye. Neno fupi, lingenirudishia mke wangu. Lakini nikamtazama yule kijana alivyochuchumaa. Tangu nizaliwe hakuna mkubwa aliyewahi kuchuchumaa mbele yangu. Mwizi ndiye anayekuchuchumalia, anapotaka kufungua kamba za viatu vyako.

"Nipe mpaka kesho," nikamwambia.

"Kesho asubuhi, mzee. Hapo mtambo unafunga wenyewe."

*

Nilikwenda kwa Eginald na panga. Sisemi nilitaka kufanya nini nalo.

Alikuwa anakata vichwa vya mianzi michanga ili ulanzi udondoke. Aliniona, akaliona panga, akaiona na simu kwenye mfuko wa shati langu. Kwenye simu ndipo macho yake yalipokaa.

"Karibu, Baba Winfrida. Kuna wa leo, mtamu bado."

"Otilia alikuwa anakuja hapa?"

Akaifuta mikono taratibu kwenye suruali.

"Alikuwa anakuja."

"Alhamisi?"

"Alhamisi zote."

"Anafanya nini?"

"Anakunywa," alisema Eginald, bado ananitazama mfukoni. "Mke wako, Mungu amrehemu, alikuwa anakunywa kama Mhehe. Anamaliza kibuyu, anauliza kingine. Na matusi yake. Sijapata kumsikia Mngoni mwenye matusi kama yale."

Otilia alikuwa Mlegio wa kanisani, wa chama cha Bikira Maria. Pombe hajawahi kuionja, hata ile ya kumwagia wahenga alikuwa anaishika kwa ncha za vidole. Na tusi kubwa alilowahi kunitukana ni "kichwa kama mlango."

"Nenda nyumbani, baba," alisema Eginald. "Panga liache hapa, utalichukua kesho."

Nililiacha. Nikashuka kilima, na katikati ya kilima, pale ambapo Otilia angepumzika, nikakumbuka msiba.

Sisi Wangoni na Wahehe ni watani, tulipigana zamani mpaka tukachoka, tukabaki kutukanana. Mtani wako akikuta nguo yako kwenye kamba anaivaa. Akikuta kuku wako anamchinja. Huwezi kumshtaki, utachekwa. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kukuigiza ili waliao wacheke. Siku ya kumzika Otilia, mtani wake Leokadia Kihwele alitoka chumbani amevaa khanga za marehemu, kapu lake mkononi, anaburura mguu wa kushoto. Hakuna aliyecheka kwanza. Alikuwa ndiye. Bega, shingo, namna ya kusimama na kuvuta pumzi. Mimi niliinuka kwenye mkeka nikataka kumwita. Ndipo akanigeukia akasema kwa sauti ya Otilia, "Wewe kichwa kama mlango, umekula?" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka.

Yeye na Otilia walikuwa pamoja kwenye kwaya tangu usichana, na tangu usichana Leokadia alikuwa anamwigiza.

Halafu nikakumbuka jambo lingine. Otilia aliuawa na kichomi. Daktari aliniuliza, mama alinyeshewa wapi namna hii? Nikamwambia hajanyeshewa, Alhamisi alikuwa ndani kwa wagonjwa. Na doa la bluu Alhamisi ile ya mvua lilikuwa chini ya paa la Eginald, kavu kabisa.

*

Leokadia anaendesha mashine ya kukoboa mahindi. Nilimkuta mweupe kwa pumba kuanzia nywele mpaka kandambili. Aliponiona hakusalimia, mtani hasalimii.

"Mngoni. Bado unakimbia vita ya babu yangu?"

"Nimesimama kuangalia mla mbwa anavyofanana na unga."

"Njoo nikukoboe na wewe, ngozi hiyo imezidi."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Leokadia akachukua simu yangu mfukoni bila kuuliza, akatoa na yake, akazilaza zote mbili juu ya gunia kando ya injini. Akaongeza mafuta. Mashine ikanguruma mpaka meno yakawasha. Akanivuta nyuma ya mlango, akaweka mdomo sikioni kwangu.

"Umeshaitwa."

"Nimeitwa. Wewe ndiye uliyekuwa na simu yake."

"Mimi. Ya kwangu nilikuwa naiacha kitandani, inaumwa mgongo."

"Na yeye alikuwa wapi?"

Akachungulia foleni, akarudi.

"Unamjua Jenifa, mke wa Sigfridi?"

Namjua. Mji mzima tunajua. Yule binti alikuwa anakuja kanisani na miwani mieusi siku za mawingu. Ilisemekana amekwenda kusoma.

"Hakwenda kusoma," alisema Leokadia. "Alikimbia mara ya kwanza kwa mama yake. Sigfridi akafungua nyayo zake ofisini, akafika kabla binti hajavua viatu. Akakimbilia kwa masista, akamkuta sala ya jioni. Akapanda lori la mbao, akamsubiri kwenye mizani. Kila mara anarudishwa, na kila mara ni mbaya kuliko jana. Mwisho simu akaiacha chini ya mto wa kitanda, akaingia msituni na mimba yake. Sasa mtu bila simu atakunywa maji gani? Geti gani litamfungulia? Otilia alimkuta wakati anatafuta uyoga. Alikuwa anakula utomvu wa misonobari, Baba Winfrida."

Nyumba ambayo Otilia alimficha siandiki ni ipi. Ilitosha kwa mwanamke mmoja na, baadaye, mtoto mmoja, aliyezaliwa mikononi mwa mke wangu bila maji ya moto. Kila Alhamisi Otilia alikwenda kule bila simu, kapu la chakula kichwani, kwa njia ya msituni, mvua au jua. Leokadia akabeba simu, akaburura mguu mpaka kwa Eginald, kwa sababu ndipo mahali pekee pasipo na majirani, na kwa sababu, alisema, ulanzi wake mzuri. Watu waliomwona na simu ya Otilia walicheka tu. Mtani kamnyang'anya mtani wake. Nani akaripoti utani?

Jambo moja tu walisahau. Leokadia aliweza kuuigiza mguu, bega, pumzi. Uchovu hakuuigiza. Mhehe haoni taabu kupanda kilima.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanichoma kuliko yote.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Kwa sababu wewe unaongea na ile simu. Kila asubuhi unaitukana, unawatukana waliokupa, unataja na majina. Mdomo wako ni bomba lisilo na koki. Otilia alisema, nikimwambia Ditram, kabla ya chai serikali itakuwa inajua."

Nimeoa mwanamke, nimelala naye kitanda kimoja mpaka nywele zikatuota mvi, na wamefanikiwa kuweka kitu katikati yetu asichoweza kukisema. Hayo ndiyo waliyonifanyia. Kufa, watu wote wanakufa. Lakini walimnyamazisha mke wangu kwangu mimi.

"Sasa ndiyo hivyo," alisema Leokadia. "Kuna dereva mmoja. Mtoto akiongeza nguvu kidogo watavuka mpaka, kule simu za huku hazisomwi. Ukisema siye, jua halitazama kabla hawajanichukua. Nami naomba Mungu, lakini sijui kama nina mifupa ya kunyamaza. Ukisema ndiye..."

"Ndiye malaya."

"Ndiye."

"Na Winfrida atasoma mama yake alikuwa hivyo. Na kaka yake Otilia."

"Watasoma."

"Jenifa yuko hai, ana miguu, ana mdomo. Otilia hana mtu wa kumsemea ila mimi."

Leokadia alinitazama. Pumba zilikuwa zimemshika kwenye kope, na chini ya macho palikuwa na mistari miwili iliyosafishwa.

"Mimi ni mtani," alisema. "Nimechukua khanga yake, kuku zake, simu yake. Jina lake siwezi kukuchukulia wewe. Hilo utalibeba au utaliacha mwenyewe."

Akapunguza mafuta. Mashine ikatulia. Akanirudishia simu kwa sauti kubwa, ili kila kilicho na masikio kisikie: "Haya toka, Mngoni, unanuka msiba."

*

Asubuhi sikungoja kuambiwa, nilivua viatu mwenyewe.

Sigfridi hakuwa amelala vizuri, lakini shati lilikuwa jeupe. Alilirudisha doa la bluu kwenye kilima, likawa linapanda, linapanda, bila kupumzika. Nilipolitazama safari hii niliona pumba za mahindi. Karibu nicheke.

"Fikiri kwanza, mzee wangu," alisema. "Huyu ni mama watoto wako. Hata mimi nina mke, najua uchungu wake."

"Hajambo mkeo?"

"Hajambo. Amesafiri."

"Atarudi?"

"Lazima arudi," alisema Sigfridi kwa upole, na kwa mara ya kwanza niliona anasema kweli.

Nikalitazama lile doa. Nikaliomba msamaha moyoni, halafu nikakumbuka kwamba silo la kuombwa msamaha, Otilia alikuwa msituni, analowa. Nikaomba upya, kuelekea msituni.

"Ndiye," nikasema.

"Unathibitisha kwa lipi?"

"Kwa mguu. Mguu wa mke wangu naujua."

"Na kutochoka?"

Alikuwa ameinama, uso wake karibu na wangu. Akili ya shule anayo. Nilijua nikisitasita kidogo ananipata. Basi nikamjibu kama wanaume wanavyojibizana kilabuni, nikacheka na kucheka.

"Wewe kijana umeoa juzi. Mwanamke anayekwenda kwa mkewe hatembei hivyo, lakini anayekwenda kwa bwana hachoki."

Nilikuwa nimekosea hata maneno, nimesema mkewe badala ya mumewe, mdomo ulikuwa unakataa. Lakini Sigfridi aliinua kichwa taratibu, akacheka na yeye, kicheko kifupi cha pua. Aliniamini. Ndivyo na yeye anavyowaona wanawake, kwa hiyo mtambo haukuwa na shaka tena.

Nikaweka kidole gumba. Mji wote chini ya kioo ukazima.

*

Jioni ile simu za ukoo zililia kwa pamoja. Winfrida alinipigia, alipumua tu, akakata. Mama wa jumuiya walioahidi kuja kusali rozari hawakuja. Jirani yangu, mtu mwema, alinipa pole kwa namna ambayo afadhali angenipiga.

Shemeji Otmari, kaka mkubwa wa Otilia, alifika baada ya siku chache. Alikuja na basi la mbali, suti yake ya msibani bado mwilini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukubali maji. Aliketi, akatoa simu yake, akaiweka katikati ya meza, uso juu.

"Nimesoma," alisema. "Nimekuja kusikia kwa mdomo wako."

Niliitazama ile simu. Ilikuwa na kijitaa kidogo cha kijani. Siku hiyo nilikuwa bado sijaletewa habari yoyote ya dereva, kama amewavusha.

"Ulivyosoma ndivyo, shemeji."

"Dada yangu? Otilia niliyemlea mimi?"

"Huyo huyo."

"Ditram. Nitazame. Dada yangu hakuweza kusema uongo hata kwa kuku. Kuna kitu hunielezi."

Kama angekuwa mjinga ingekuwa rahisi. Nilitamani nimvute nje, nimpeleke mashineni, nimwekee mdomo sikioni. Lakini mzee wa watu alikuwa na simu mezani, na simu ilikuwa imesikia "kuna kitu hunielezi," na kule ofisini kuna kijana ambaye mke wake lazima arudi.

Basi nikaanza. Nikamtukana mke wangu kwa sauti ya kutosha. Nikasema alivyokuwa anatoka amejipaka mafuta, alivyokuwa anarudi anacheka peke yake. Nikasema alikuwa ananinyima hata chai. Nikataja ulanzi. Nikataja mianzi. Nikatunga mambo ambayo sijui niliyatoa wapi, nikasema Mungu amemlipa kichomi, na niliposema hivyo sauti yangu ilitoka wazi kabisa, haikutetemeka.

Otmari aliinuka. Ni mtu wa umri wangu, mkono wake umekomazwa na shoka. Kofi lilinikuta bado naongea, likaniangusha pamoja na kiti.

"Wewe ni mwongo," alisema. Hakupaza sauti. "Sijui umelipwa nini, au umeogopa nini. Lakini wewe ni mwongo, na siku yangu ya kufa nitasema hivyo."

Akachukua simu yake, akatoka. Nikasikia geti.

Nilibaki sakafuni palepale, shavu linawaka, damu kidogo mdomoni. Katika mji wote huu na ukoo wote huu, amebaki mtu mmoja ambaye hakuamini. Nikamwomba Mungu, yule wa juu, asije akaniamini kamwe.